Miguu Mwisho

Mjukuu wangu alilelewa Milimani, mtaa wa matajiri, ndani ya geti, na tableti yake. Alipoanza shule alijua kusoma, lakini darasani hakufungua mdomo. Mwalimu wake akatuambia kwamba asipozungumza kufikia mwisho wa muhula, atarudishwa chekechea.

Sikuwa na wasiwasi. Nilimleta mtaani kwangu Migosi, kwenye madrasa ninakofundisha, ambako kila mtoto mkubwa hupewa mdogo wa kumfundisha. Yeye nilimpa msichana mtundu wa miaka minne. Mwanzoni mjukuu wangu alimwelekeza jinsi ya kutawadha kwa kuashiria na vidole tu. Kisha Jumamosi moja yule mdogo akaanza kwa kuosha miguu, maana ilikuwa na matope.

"Miguu mwisho!" mjukuu wangu akapiga kelele. "Anza na mikono!"

Wenzake wakaangua kicheko. "Kumbe una mdomo! Mbona ulikuwa umenyamaza?"

"Hamkuwa mmekosea."

Tangu hapo alizungumza hata shuleni, na muhula ulipoisha alibaki darasani pamoja na wenzake. Mwalimu wake akaniuliza, "Mzee, ulimpa dawa gani?"

"Nilimpa mtoto wa kufundisha," nikamjibu. "Na hao, alhamdulillahi, hawakosekani."