Chupa Niliyoipuliza Malvern

Nilitoka Berea, mtaa wetu hapa Johannesburg, kwa sababu ya kuchekwa. Jumapili ile ya mwaka 2017 mdogo wangu Baraka angewekwa wakfu kuwa mchungaji, na mafuta ya kumpaka yalikuwa kwenye chupa ya plastiki ya shampuu kutoka saluni yangu. Aibu gani hii! Nikasimama mbele ya akina mama wa kanisa nikasema: mafuta yatatoka kwenye chupa ya kioo iliyopulizwa kwa mdomo, kama za Warumi enzi za mitume, na nitaipuliza mimi. Mama Furaha, mwenzangu wa kwaya, alicheka mpaka akashika ukuta.

Alhamisi asubuhi nilipanda teksi, nikashuka kwenye robot, taa za barabarani, za Jules Street, mtaa wa Malvern. Papa Kalala, fundi kioo mtu wa Lubumbashi, alinipokea mbele ya tanuri. Eish, joto lile!

"Zamani," akasema, "walizungushia kioo kwenye bonge la udongo, kisha wakauchokoa. Kazi ndefu, chupa za matajiri. Halafu kule Shamu watu wakaanza kupuliza kwa bomba, Warumi wakausambaza ufundi, hata maskini akapata chupa."

Akachota kioo kilicholegea kama asali kwenye ncha ya bomba, akanipa. Nikapuliza kwa mapafu yote ya soprano. Kikavimba, kikapasuka, vipande vikapeperuka kama maganda ya kitunguu.

"Mama, hapa si kwaya!"

"Nipe kingine."

Cha pili kilidondoka, nilisahau kuzungusha bomba. "Nipe kingine, Papa."

"Puliza kidogo tu, kisha ziba kwa kidole gumba. Hewa ikipata moto itajitanua yenyewe."

Nikaziba. Kipovu kikatokea, kikakua mbele ya macho yangu, nami sipulizi! Tukabana shingo kwa koleo, tukakunja mdomo kwa ndani.

Jioni alinikataza nisiondoke na chupa. Lazima ipoe polepole kwenye tanuri dogo, la sivyo itapasuka njiani. Nikarudi Berea mikono mitupu, wakanicheka tena.

Jumamosi niliifuata. Kijani-bluu, shingo imeinama kidogo. Niliifunga kwa kitenge nikaipakata, na dereva alipokanyaga breki nilimfokea.

Jumapili mafuta yakashuka kichwani mwa Baraka, nikalia. Ndugu zangu wa Bukavu mnaonisikiliza huko nyumbani, nguvu ninazo tangu kuzaliwa. Malvern nilijifunza lini nizizuie.

Mama Furaha akaninong'oneza, "Dada, nipeleke na mimi."

"Twende. Lakini kule ukicheka na bomba mdomoni, chupa inapasuka."