Ncha ya Kidole

Harufu ya spiriti, katika mji wowote nipitao, hunirudisha kwenye benchi la zahanati, kidole changu kikivuja damu ndani ya leso ya bibi. Panga la kuvunjia nazi lilikuwa limekata ncha yake. Bibi alikuja nayo, kaifunga kwa jani la mgomba.

"Mshonee, mwanangu, asibaki kilema."

Tabibu akashika mkasi. Nikapiga ukelele.

"Ala! Nakata bendeji, sikukati wewe. Kidole cha mtoto huota chenyewe, bibi. Hiyo kaizike."

Bibi akaizika uani, nyuma ya jiko. Kidole kikaota kweli, polepole, chini ya bendeji. Nami kila asubuhi nilichungulia kwanza pale uani, nikihofia kwamba nayo ile ncha inaota.