Kitambaa cha Aika

Thadeus wa Kirua Vunjo hakuwahi kuiba hata kijiko cha petroli. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana watu wamesema mengine na mimi nimechoka kuwasikia.

Alianza udereva miaka ya themanini, mafuta yakitafutwa kwa kibali na foleni. Hapo ndipo alipojifunza ujanja wa madereva wa mlimani: ukifika kwenye mteremko unatoa gia, unaliacha gari liserereke lenyewe. Kutoka Kirua hadi barabara ya lami alishuka hivyo, mguu kwenye breki, mafuta yakibaki kwenye tangi. Miaka ishirini mabosi walimsifu kwa hilo.

Mwaka 2006 mradi wa maji aliokuwa akiuendeshea ulinunua gari la haibridi, mtumba wa Japani: injini ya petroli inasaidiwa na betri kubwa. Mama Flavia, mkuu wa mradi, aliwaahidi wafadhili kwamba litakula nusu ya mafuta ya lile la zamani. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kijapani kitupu. Kwenye dashibodi palikuwa na kioo kinachowaka mishale ya rangi, na Aika, mke wa Thadeus, alikifumia kitambaa cha maua ili vumbi lisikiharibu. Thadeus akakifunika, akaona fahari.

Mwisho wa mwezi gari lilikuwa limekula karibu sawa na lile la zamani.

"Thadeus, mafuta yanakwenda wapi?" Mama Flavia akauliza.

"Sijui, mama. Nitaendesha kwa uangalifu zaidi."

Maskini wee! Uangalifu wake ulikuwa nini, kama si kutoa gia mapema zaidi, hata penye kamteremko ka kitoto? Mwezi wa pili mafuta yakazidi. Wenzake wakaanza kumwita Mzee Mpira, kwamba ananyonya mafuta ya tangi kwa mpira. Mwezi wa tatu akapewa barua ya kufukuzwa, na barua ilisema wazi: wizi.

Nyumbani Aika alimuuliza mara moja tu. "Uliyauza wapi?"

Thadeus akaapa kwa Bikira Maria.

"Sawa, Baba Juliana," akasema, akaendelea kumenya ndizi. Tangu siku hiyo kwenye sala za jumuiya Aika alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja Gidioni, dereva aliyechukua nafasi yake, akampa lifti kwenda mjini kwa gari lile lile la mradi. Kitambaa hakikuwepo. Walipoanza kushuka, Thadeus hakuweza kujizuia.

"Toa gia, kijana. Unachoma mafuta bure."

"Hapana, mzee. Tazama kioo." Mishale ilikuwa inatoka kwenye magurudumu kuingia kwenye betri. "Mteremkoni gia ikiwa ndani, gari linajichaji. Ukiitoa, betri haipati kitu, halafu mkipanda mlima injini inavuta peke yake. Hapo litakunywa kama lori."

Thadeus akaitazama mishale mpaka lami. Kisha akasema, "Umwambie Mama Flavia."

"Alishahamia Dodoma, mzee."

Jioni alimsimulia Aika yote: gia, betri, mishale, na kile kioo ambacho angekiona tangu mwanzo kama kisingefunikwa. Alisimulia huku analia. Aika alimsikiliza mpaka mwisho, kisu kikiwa kimetulia juu ya ndizi.

"Kumbe mwaka mzima ulikuwa unatafuta wa kumtupia lawama ya wizi wako," akasema. "Leo umeona ni kitambaa changu. Sawa, Baba Juliana."

Akaendelea kumenya.