Mama Yake Nani?

Mzee Chenge hakuanza kwa kuuliza bei. Alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kisha akalikandamiza kwa kiganja juu ya tairi la nyuma, vile vile anavyokandamiza mtamba mnadani kuona kama mgongo una nguvu. Gari likabonyea, likarudi. Mzee akaguna. Halafu akamgeukia Justa na kuuliza lile swali ambalo kwao, ng'ambo ya Kisesa, hakuna mtu mwenye akili zake anayenunua mfugo bila kuliuliza.

"Mama yake nani?"

Justa Mihayo akacheka. Alicheka kwa sababu alihitaji muda wa kufikiri. Alikuwa na mkataba wa majaribio wa miezi sita katika duka lile la magari pale Pasiansi, na umebaki wiki moja. Meneja wake, Yakobo, alikwishamwambia kwa ule upole wa kumnyima mtu usingizi: uza moja tu ya hizi Kifaru Upepo kabla mwezi haujaisha, kiti hiki ni chako.

"Mama yake ni Kifaru, mzee," akasema.

Mzee Chenge akaangalia kile kichwa cha kifaru kilichobandikwa puani mwa gari, kikimetameta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi hajapotea. Kwa mama yake nakujua."

Na kweli alikujua. Katika mji wa Mwanza na vijiji vyake, Kifaru haikuhitaji kutambulishwa. Lilikuwa gari la umbo la sanduku, zito, lenye sauti mbaya, na chini yake limelala juu ya chesisi ya chuma kinene kama reli. Mbele lilikuwa na kulabu mbili za kuvutia, nje kabisa, kila mtu azione. Mzee Chenge alikaa na ya kwake miaka ishirini na miwili. Aliyeitunza alikuwa fundi Mihayo wa Igoma, baba yake Justa, ambaye jina lake mjini lilisimama juu ya gari hilo. Hata kwenye geti la gereji yake alikuwa amechora kifaru kwa mkono wake. Mnyama huyo alifanana zaidi na nguruwe mwenye pembe, lakini wateja walimwelewa.

Justa alikulia chini ya magari hayo. Akiwa darasa la nne alijua namba ya spana kwa kuipapasa tu. Kwa hiyo siku ile Kifaru ya mzee ilipokataa kabisa, chesisi imeliwa na kutu kiasi kwamba hakuna uchomeleaji ambao ungeishika, fundi Mihayo hakusita. Alimwambia rafiki yake, "Nenda Pasiansi kwa binti yangu. Yule hawezi kukudanganya, nimemlea mwenyewe."

Sasa tuseme ukweli kuhusu hiyo Upepo. Ilikuwa imeinuka vizuri, plastiki nyeusi imezunguka matairi kuipa sura ya ubabe, na kifaru puani. Lakini siku yake ya kwanza kazini Justa aliinama kutazama chini, kwa sababu hajawahi kuona gari akaacha kuinama. Hapakuwa na chesisi. Lilikuwa limejengwa juu ya sakafu ya gari dogo la kampuni ile ile, lile linalofanya teksi mjini. Bodi ilijibeba yenyewe, na mdomo wa kuvuta hewa ya injini ulikuwa chini, nyuma tu ya taa.

Alimuuliza Yakobo, na Yakobo hakukasirika.

"Justa, wanaovuka mito ni wangapi? Watu wanataka kukaa juu, kutumia mafuta kidogo, na kufika Shinyanga mgongo ukiwa salama. Upepo ndiyo inayokilisha kiwanda mpaka kinaendelea kutengeneza zile za chuma. Bila hii, hata Kifaru yenyewe ingekuwa imekwisha."

Hesabu ile ilikuwa na maana, na gari lenyewe halikuwa bovu. Tatizo lilikuwa mzee mmoja aliyeuliza mama.

Tena mzee hakumficha kitu. Siku ile ya mauzo, Alhamisi, akiwa ameshika funguo mpya, alimwambia, "Jumamosi nawavusha akina mama mto wetu kwenda mnadani. Watashangaa." Justa alitabasamu na kumfungulia mlango. Moyoni alijiambia kwamba ule mto ni mchanga mtupu muda mwingi wa mwaka, na kwamba mvua zimechelewa.

Jumamosi alfajiri aliamshwa na mvua juu ya bati. Haikuwa ya mchezo. Ilipokatika saa moja na nusu, alijiambia tena kwamba imenyesha mjini tu, akabeba maandazi ya baba yake kama kila Jumamosi, akaenda Igoma.

Fundi Mihayo alikuwa kwenye benchi, fimbo yake kando. Tangu giaboksi imwangukie mguuni hakuwa mtu wa kukimbia huku na huko. Alipokea shikamoo, akachukua andazi, akauliza, "Chenge alifika?"

"Alifika, baba. Amechukua Upepo."

Baba akashusha andazi. "Amechukua nini?"

"Kifaru mpya."

"Sikukuuliza jina. Mimi nalijua lile gari, nimeshalala chini yake. Ulimwambia haivuki maji?"

Justa akaangalia geti.

"Justa. Leo si siku ya mnada?"

Akatoa simu akapiga. Namba haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Kule kwa mzee, ng'ambo ya mto, mtandao ulishikwa juu ya kichuguu kimoja tu, na kichuguu hicho hakikuwa njiani.

"Mvua hii ilianzia huko kwao tangu jana jioni," baba yake akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha. "Nenda."

Bodaboda ilimchukua barabara ya Musoma, ikapita Kisesa katikati ya mbuzi na watu wa mnadani, ikaingia njia ya udongo. Justa aliona aibu na woga kwa pamoja. Kila dimbwi lililowarukia miguuni alilipima kwa macho. Mwenye bodaboda alimuuliza kama kuna msiba. Alisema bado.

Aliusikia mto kabla hajauona. Kivuko chenyewe hakikuwa na daraja. Ni pale ng'ombe walipozoea kuvukia, kingo zimesagwa na kwato mpaka zikalainika. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kasi, na upande huu alikuwepo mwanamume anayeitwa Ngosha na maksai wake wanne, akisubiri mizigo ya kubeba kwa mkokoteni. Ng'ambo, kileleni mwa ukingo, Upepo ilikuwa imesimama, safi kama imetoka dukani jana. Mzee Chenge alikuwa anatoka majini, suruali ameikunja.

Alikuwa amekwishapima. Ndivyo alivyofanya miaka yote ishirini na miwili: anaingia kwa miguu mpaka katikati, na maji yakiishia magotini, Kifaru inapita, yakipanda mapajani, anasubiri. Leo yalikuwa magotini.

"Mzee! Usivuke!" Justa alipiga kelele akipunga mikono yote miwili juu ya kichwa.

Mzee alimwona. Uso wake ukachanua. Binti wa Mihayo amekuja mwenyewe kuliona gari linavuka! Akampungia, akaingia garini, akapiga honi mara tatu.

"Usivuke! Rudi!"

Maji yalimeza sauti yake. Dirishani akina mama walimpungia pia, mkewe mzee, Bi Selina, mbele, na wengine watatu nyuma wamebanana na vikapu vya viazi. Pua ya gari ikainama, ikaingia.

Hatua kumi za kwanza lilikwenda vizuri, na Justa akathubutu kutumaini. Kisha mbele ya boneti maji yakajikunja, yakapanda juu ya taa. Injini ikakohoa mara moja, ikafa. Palikuwa katikati kabisa. Halafu likatokea jambo ambalo Kifaru ya zamani isingelifanya kwa uzito wake: gari likaanza kuelea. Matako yake yaliinuka taratibu, yakageukia maji yanakokwenda, na huko chini palikuwa na shimo ambalo wachimba mchanga waliliacha, linalojulikana na kila mtu.

Akina mama wakapiga yowe. Ngosha hakusubiri kuambiwa. Alikwishafungua maksai kutoka mkokotenini, akaingia majini na kamba. Alilifikia gari, akapapasa mbele, akapapasa tena, kisha akaangalia ukingoni kwa macho yaliyotoka.

"Hakuna pa kufunga! Gari gani hili halina kulabu?"

Justa alimtupia mwenye bodaboda simu yake, akavua viatu, akaingia. Maji yalikuwa baridi na yalimsukuma mapajani. Alishika kioo cha pembeni, akamwona mzee usukani, mikono imeshika pale pale, hamwangalii mtu. Justa akamwita mkewe.

"Mama! Nyuma, chini ya zulia, penye tairi la akiba! Kuna pete ya chuma yenye mkia, ya kufungia kamba. Niletee!"

Bi Selina alikuwa mtu mzima lakini hakuwa mzito wa kuelewa. Akawafokea wenzake nyuma, vikapu vikarushwa, viazi vikaelea ndani ya gari. Gari likasogea tena, hatua nzima. "Hii?" Mkono ukatoka dirishani na jeki. "Hapana! Pete!" Mkono ukarudi. Ukatoka na pete.

Justa alikwenda mbele akiwa ameshikilia bampa. Kwenye plastiki palikuwa na kifuniko kidogo cha mviringo, kama kifuniko cha chupa. Alikichokonoa kwa kucha mpaka ukucha mmoja ukang'oka, kikatoka. Akaingiza mkia wa pete kwenye tundu, akakaza. Haikushika. Akakaza tena, inazunguka bure. Ngosha alikuwa anasema kitu na hakumsikia. Gari lilimsukuma kifuani, na akahisi mchanga unamtoka chini ya nyayo.

Kinyume. Pete hizi hukazwa kinyume. Alikwishawaonyesha wateja mara ngapi, dukani, kwa tabasamu? Akageuza mkono. Ikauma, ikaingia, ikazunguka mara sita mpaka ikagoma. Ngosha akapitisha kamba, akapiga fundo, akawaita maksai wake kwa majina. Kamba ikanyooka, ikalia. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha gari likageuza pua, polepole, kwa shingo upande, likafuata ng'ombe.

Ukingoni maji yalimwagika kutoka kila mlango. Akina mama wote wanne walitoka, mmoja analia, mmoja anacheka kwa hofu. Mzee Chenge alitoka mwisho. Alikaa juu ya jiwe akakamua suruali.

"Nilikuuliza mama yake," akasema.

"Uliniuliza, mzee."

"Nani?"

"Gari dogo. Lile la teksi. Nilijua tangu mwanzo. Nisamehe. Jumatatu nitalirudisha mwenyewe dukani."

"Kumrudisha kwa nini? Mtamba si mbaya," mzee akasema. "Huyu mke wangu anaumwa mgongo, kiti kile kimemfaa. Ungeniambia ni mtoto wa teksi ningemchukua hivyo hivyo, ampeleke kanisani, na mto ningemwachia Ngosha. Lakini nyinyi mmemvisha jina la mama asiye wake, halafu mkaniacha niingie naye majini na mke wangu." Alisema hayo kwa utulivu. Justa angependa atukanwe.

Mwenye bodaboda akaja mbio na simu inaita. Aliyepiga alikuwa baba yake. Mzee akanyoosha mkono akaichukua.

"Mihayo. Watu wote wazima. Gari limelala. Amefika, ndiyo. Ndiye aliyefunga kamba." Akasikiliza. Kisha akamrudishia Justa simu. "Anauliza kosa la nani. Mwambie."

Justa aliiweka sikioni. Mvua ilikuwepo ya kusingizia, na Yakobo, na kiwanda huko kiliko.

"Langu, baba. Mzee aliniuliza mama yake nani, nikasema Kifaru."

Alisikia nyundo za Igoma, mbali, na pumzi ya baba yake. Kisha baba akasema, "Mpe mzee."

Mzee Chenge alisikiliza kwa muda mrefu, akisema eeh, eeh, akifumba macho kila mara. Alipomaliza aliipangusa simu kwenye shati lililolowa kuliko simu yenyewe, akamrudishia Justa.

"Analeta gari la kutuvuta. Injini inafunguliwa leo hii. Anasema utaifungua wewe. Yeye atakaa kwenye benchi, hashiki hata spana moja." Akakitazama kidole cha Justa kilichong'oka ukucha, kinachotoka damu. "Na kabla hujagusa injini, amesema uchukue kopo la rangi, umfute yule kifaru aliyemchora kwenye geti lake."