Diski Aliyoifuta Mzee Kebo

Hospitalini walimwita Mzee Kebo, ingawa uzee wenyewe ulikuwa bado mbali. Alikuwa karani wa stoo, mtu wa kupokea maboksi ya glavu na kuyapanga kwenye rafu, lakini kila akipata upenyo utamkuta mlangoni kwa mtaalamu wa mitandao, mama mmoja mkimya ambaye chumba chake kilivuma feni mchana kutwa. Alimsumbua kwa maswali mpaka yule mama akachoka. Akamwambia mambo haya hayajifunzwi kwa kutazama mgongo wa mtu, akampa kompyuta mbili mbovu zilizokuwa zikingoja kutupwa. Azifungue, azivuruge, azitengeneze tena.

"Ila uvurugie hizo hizo," alisema. "Yenye vitu vya watu usiiguse kabla hujaweka nakala pembeni."

Mkewe, fundi cherehani, alimwachia kona ya sebule. Mwanzoni hakuna kilichokubali. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta aliotaka kuujua, ilimletea kioo cheusi chenye kimstari kinachopepesa, naye akabaki kukikodolea macho. Akikosea herufi moja ya amri, anaanza upya. Alibana vichwa vya kebo, akavikata, akabana tena, mpaka mpangilio wa rangi za nyaya ukamkaa kichwani. Siku kompyuta moja ilipoiita nyingine ikajibiwa, alimwita mkewe aje aone. Mke akatazama namba zinavyoteremka, akampa hongera, kisha akauliza zinamsengenya nani. Walicheka sana.

Sasa akataka ya tatu, iwe seva ya kuzihudumia hizo mbili, na zile mbovu hazikuwa na nguvu hizo. Yenye nguvu ilikuwa ya nyumbani, ambayo mkewe aliwekea picha za mishono. Humo pia ndimo mlimokuwa na sauti ya mama mkwe, aliyeishi nao mwaka wake wa mwisho: akisimulia alivyoposwa, akiwasema majirani wa zamani, akicheka mpaka anapaliwa. Mzee Kebo alilijua hilo vizuri. Wakati wa kurekodi, yeye ndiye aliyeshika simu karibu na mdomo wa mama, simu ambayo sasa ilishakufa.

Jumamosi moja mkewe alikwenda kumpima bibi harusi. Mzee Kebo alikusudia kuigawa diski tu, Linux ikae upande wake. Lakini kwenye zile mbovu alikuwa amezoea kufuta kila kitu, na vidole vikawa vinakwenda vyenyewe. Kioo kikamuuliza kama ana hakika. Akakubali, akaenda jikoni kubandika chai.

Alikumbuka akiwa ameshika sufuria. Alikimbia akachomoa waya ukutani, lakini kazi ilikuwa imekwisha zamani.

Mkewe aliporudi alimweleza yote, bila kuzungukazunguka. Mke alikaa na futi yake ya kupimia shingoni.

"Ulijua mama yumo humo?"

"Nilijua."

"Sasa ulikuwa unawaza nini?"

Ukweli ni kwamba alikuwa anawaza seva.

Yule mtaalamu alihangaika na diski ile siku kadhaa. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Kilichookolewa kilikuwa vipande: kiti kikiburutwa, kikohozi, na sauti ya Mzee Kebo mwenyewe ikisema, "Haya mama, sema sasa." Baada ya hapo ni ukimya. Mzee Kebo alivitia kwenye simu yake, akampelekea mkewe asikilize. Alisikiliza mara moja, akamrudishia simu.

Mzee Kebo hakuacha kujifunza; angeacha, hasara ingekuwa mbili. Alifanya mtihani wa vitendo akafaulu, akahamishwa kutoka stoo, na yule mama alipostaafu, chumba cha feni kikawa chake. Wenzake humtania kwa uoga wake: hagusi kompyuta ya mtu kabla hajatoa nakala, na nakala yenyewe lazima aifungue aone kama inafunguka. Wanadhani ni utaratibu wa kazi.

Nyumbani hakuna aliyewahi kumsimanga. Alinunua kompyuta mpya, akamwambia mkewe kwamba safari hii mishono yake itahifadhiwa mahali patatu, hata nyumba ikiungua haipotei. Mke aliitikia, "Sawa, baba watoto," akaendelea kupinda upindo. Mishono yake siku hizi anaichora kwenye karatasi, na anaifungia kabatini.