Kuonyesha Mji kwa Kidevu

Nilizaliwa Bukavu, Zaire, na kwa miaka mingi Cyangugu, mji wa upande wa Rwanda, kwangu ilikuwa taa za upande wa pili wa ziwa. Mama yangu alivuka akiwa msichana mdogo, siku nyumba za kwao zilipochomwa, akakulia Zaire, akaolewa huko, akafiwa na mume huko. Mauaji ya kimbari yalipokwisha na utawala kubadilika, alisema anarudi kwao. Mimi nikamfuata. Tulivuka daraja la kwanza la mto Rusizi na magodoro, masufuria na cherehani yake, iliyobebwa kichwani na mpagazi aliyetutukana njia nzima kwa uzito wake.

Masista walinipa kazi katika nyumba yao ya wageni, kule chini karibu na maji, kwa kuwa nilijua Kifaransa na Kiswahili. Wageni walikuwa madaktari, mainjinia, watu wa misaada. Asubuhi moja mgeni mmoja, Mnyarwanda aliyekulia Burundi na ambaye hakuwahi kufika upande wetu, aliniomba nimtembeze mjini. Nilikubali kwa furaha. Nilimpeleka darajani, nikampandisha Kamembe sokoni, tukatazama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walioanikwa. Wakati wa kushuka akaanza kuuliza. Ile nyumba ndefu yenye baraza ilikuwa ya nani? Sijui. Ghala lile la mawe? Sijui. Kwa nini mji ulijengwa huku bondeni na soko likawekwa kule juu? Sijui. Nilipoona nimeishiwa, nikageukia ziwa na kumwonyesha Bukavu: kanisa kuu lile pale, shule niliyosoma ile, na nyuma ya miti ile ndiko tulikonunua mikate.

Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka bila ubaya.

"Dada, umenitembeza Bukavu vizuri sana. Cyangugu nitaiona safari nyingine."

Sikulala vizuri. Sikumkasirikia yeye. Nilijikuta ninaishi katika mji ambao sikujua hata jina la kilima kilichokuwa dirishani kwangu. Asubuhi niliamua kwamba nitaujua, nyumba kwa nyumba, na kwamba mgeni mwingine akiniuliza, nitamjibu.

Masista walinielekeza kwa mwalimu mmoja aliyeishi juu ya Kamembe. Alikuwa amefundisha shule ya msingi tangu ujana wake. Mauaji yalimchukulia mume na watoto wote. Nilimkuta akipukuchua maharage uani, nikamweleza shida yangu.

"Juu ya nini unakuya kwangu?" aliuliza kwa Kiswahili cha Bukavu. "Bantu ni wengi hapa."

"Wameniambia wewe ndiye uliyekaa hapa siku zote."

"Sikukaa. Nilibakia." Aliendelea na maharage yake. "Enda nyumbani, mutoto yangu."

Nilirudi wiki iliyofuata. Nikarudi tena. Mara ya kwanza hakunikaribisha kiti. Baadaye akanipa kiti lakini si maneno. Nilichukua ungo, nikapukuchua naye. Sikujua nifanye nini kingine, na kuwaonyesha wageni Bukavu tena nilikwisha kukataa. Mwishowe, Jumapili moja baada ya misa, alinikuta nikimngoja nje ya kanisa, akafunga kitenge chake vizuri na kusema, "Vaa viatu vya kutembea."

Tulitembea Jumapili nyingi. Alinionyesha maduka ya zamani ya Waarabu na Wahindi, milango yake ikiwa imepigiliwa mbao. Alinieleza kwamba wakoloni waliweka ofisi zao huku chini ili kutazamana na Wabelgiji wenzao wa ng'ambo, na kwamba watu walihamia juu walipochoka kupanda na mizigo. Alinisimamisha mahali ambapo mto Rusizi unaliacha ziwa. Maji yanakuwa yamelala, halafu ghafla yanakumbuka kwamba yana safari. Nilikuwa nimevuka pale na kuangalia mizigo yangu tu.

Kila alichonieleza nilikirudia kwa sauti wakati wa kupanda mlima. Nikikosea, alisimama na kunisubiri nirekebishe.

Halafu vita vikaingia Congo. Tulisikia milio ya bunduki kutoka Bukavu kama milango inayobamizwa, na mpaka ukafungwa. Nyumba ya wageni ikabaki na popo na mimi. Vita vya kwanza vilipotulia, vya pili vikaanza. Mkuu wa masista alinishauri nitafute kazi nyingine, kwa kuwa hakuna mgeni atakayekuja kutazama majengo mabovu kwenye mpaka wa vita.

"Basi nitawatembeza wenyeji," nilisema.

"Wenyeji gani?"

"Sisi tuliotoka Congo. Hakuna anayeujua mji huu. Tunajua soko na kanisa tu."

Akanipa ruhusa ya kutangaza baada ya misa.

Kundi la kwanza lilikuwa akina mama tu, wote waliokulia Congo, na mama yangu kati yao. Alikuja kwa sababu nilimlazimisha. Mwalimu alikubali kufuatana nasi, lakini alisema mimi ndiye nitakayezungumza. Nilianza vizuri. Maduka, ghala, nyumba ndefu yenye baraza, ambayo sasa niliijua tangu msingi wake. Tulipofika juu ya mto nikanyoosha mkono kuonyesha unavyoanza, na hapo hapo tukasikia sauti nyuma yetu.

"Nyinyi! Mnaonyeshana nini huko?"

Alikuwa mwanajeshi kijana, bunduki kifuani. Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda. Akina mama wakajikusanya kama kuku walioona kipanga.

"Tunatembelea mji, afande," nilijibu.

"Mji? Wakati huu? Ng'ambo kuna adui, na wewe unaelekeza watu kwa kidole?"

Nilijiambia kimoyomoyo kwamba nikikimbia leo sitatembeza tena. Nikamweleza kwamba sisi ni watu wa parokia, kwamba tumerudi nyumbani na hatupajui nyumbani. Nikamweleza juu ya mto na ghala na kwa nini mji uko bondeni. Alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Na ile nyumba ninayolala mimi?" aliuliza. "Ile ya mabati mekundu, yenye ngazi?"

"Ilikuwa ya mfanyabiashara wa kahawa," nilisema. "Magunia yalipangwa chini, familia ikaishi juu."

"Ndiyo maana inanuka kahawa mvua ikinyesha," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana mtoto wa mtu. Kisha akakumbuka kazi yake. "Endeleeni. Lakini hakuna kunyoosha mkono upande wa ziwa. Nikiona kidole, nawarudisha wote."

Kwa hiyo niliwaonyesha mji kwa kidevu. Mikono nyuma, kidevu mbele: pale, na pale, na kushoto kidogo. Akina mama walicheka hadi machozi, na wao wakaanza kuulizana kwa videvu. Mpaka vita vilipokwisha sikumwonyesha mtu kitu kwa kidole.

Nilikuwa nimepanga tupite haraka uwanja wa mpira wa miguu. Kila mtu alijua kwamba wakati wa mauaji watu walikusanywa mle ndani, kwamba waliitwa, wakatoka, hawakurudi. Sikujua nitasema nini mbele ya mwalimu. Lakini yeye ndiye aliyesimama getini, akaingia, nasi tukamfuata.

Alikaa kwenye ngazi za watazamaji. Alisema kwa ufupi kwamba alikaa hapo na watoto, palepale, na mvua ilinyesha. Alisema mume wake alitolewa kwa lango lile. Mama yangu, ambaye woga wake siku zote hutoka kama hasira, alisema:

"Juu ya nini unatuleta huku? Tulikuya kuona mji."

Nilitamani ardhi inifunike. Mwalimu hakupandisha sauti.

"Huu njo mji, Maman. Na tena, bwana yangu alikuwa golikipa hapa. Siku za mechi alivaa kofia ya kijani na bantu ba Kamembe bote walipiga kelele jina lake. Hiyo pia muijue. Mutu akisema moja na kuacha ingine, anadanganya."

"Na sisi?" Mama alikuwa amesimama. "Sisi tulifukuzwa zamani, mbele ya haya yenu. Nani anatembelea kwetu? Nani anauliza nyumba yetu iliwaka namna gani?"

Nilidhani nimewapatanisha watu na mji, kumbe nimewapiganisha wao kwa wao.

"Kwenu ni wapi?" mwalimu aliuliza.

"Mibirizi. Juu ya misioni."

"Basi Jumapili ingine utatupeleka," alisema mwalimu, akainuka na kukung'uta kitenge. "Wewe njo utasema. Sisi tutasikia."

Mama hakuwa amekanyaga Mibirizi tangu alipokimbia. Juma zima alitafuta visingizio: mguu, mafua, nguo za mteja. Mimi nilimaliza kila kisingizio. Mguu niliukanda, nguo za mteja nikazishona mwenyewe, vibaya. Jumapili masista walitupa gari lao hadi misioni, na kutoka pale tukashika njia ya miguu.

Mama alipotea karibu mara moja. Miti aliyoikumbuka ilikuwa imekatwa, mingine imeota asipotarajia. Alisimama kwenye njia panda akiwa na aibu mbele ya kundi zima, na nikaona anataka turudi. Mwalimu akamwendea na kumuuliza walichota maji wapi. Mama akafunga macho. Halafu akashuka mteremko bila kusema, sisi nyuma yake tukiteleza kwenye udongo, hadi tukasikia kijito. Kutoka kijitoni alipanda kilima kama mtu anayerudi nyumbani na mtungi.

Pale palipokuwa na nyumba palikuwa na shamba la maharage. Mwanamke wa makamo alikuwa akipalilia. Alipoona kundi la watu linasimama kwenye mpaka wa shamba lake, jembe lilimponyoka. Miaka ile watu wengi walirudi kudai ardhi, na alijua anachokiona.

Mazungumzo yalikuwa ya Kinyarwanda, naye mama alikizungumza kile cha zamani, cha utotoni.

"Usiogope. Hatukuja kuchukua."

"Basi mmekuja kufanya nini?"

"Kutembea tu. Nilizaliwa hapa unapopalilia."

Mwanamke hakuamini. Alisema shamba alipewa na wilaya, alisema ana watoto, alisema tumwite kiongozi wa kilima. Mama alisubiri amalize. Kisha akamwomba ruhusa, kwa heshima kubwa, asimame katikati ya maharage kidogo na kutueleza palivyokuwa. Mwanamke alifikiri, akasogeza jembe, akasema, "Msikanyage mistari."

Mama akasimama kati ya mistari. Hapa mlango. Pale ng'ombe. Huku bibi yake alikuwa akisuka vikapu na kuimba kwa sauti mbaya. Alieleza moto pia, ulivyoanzia upande wa zizi, na baba yake alivyorudi ndani kuchukua blanketi. Mwalimu alimshika mkono alipotoka, wakashuka mlima hivyo, wazee wawili wanaoshikana ili wasiteleze. Mimi nilitembea nyuma yao nikiwa nimechoka kama niliyebeba kitu, na nimefurahi.

Kazi ile haikuniacha tena. Vita vilipoisha na mpaka ukafunguliwa vizuri, nyumba ya wageni ilijaa, na masista wakaandika kabisa mlangoni kwamba kuna matembezi. Walikuja watu wa Kigali, walikuja akina mama wafanyabiashara wa Bukavu waliokuwa wakivuka kila siku na kuishia sokoni. Mwalimu alitembea nasi hadi magoti yalipomkatalia, na kila mara uwanjani alianza na kofia ya kijani.

Mama alifariki kabla yake. Niliendelea kupeleka wageni Mibirizi, na siku ya kwanza bila yeye nilifika shambani nikajiandaa kueleza mwenyewe. Mwenye shamba, aliyekwisha kumsikia mama mara nyingi, aliona kundi kwa mbali, akaosha mikono, akaja mbele yangu.

"Hapa ndipo mlango ulipokuwa," aliwaambia wageni. "Bibi alikaa pale. Alikuwa na sauti nzuri sana, watu walitoka vilima vingine kumsikiliza."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Alikuwa amekwisha kuwapeleka wageni palipokuwa zizi, na wote walikuwa wakimsikiliza yeye, wakikwepa mistari ya maharage.