Mapazia ya Rangi ya Jivu

Siku mamangu alipotoka eda ya babangu, alioga, akavaa dera jipya, akajifukiza udi, akapokea wageni waliokuja kumtoa. Walipoondoka alirudi chumbani kwake akafunga mlango. Nilidhani amechoka. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Alitoka kupika, kutawadha na kuhakikisha nimekula, basi. Sebuleni hakukaa. Alipolazimika kuikatiza kwenda jikoni, aliharakisha na macho yake yalikuwa chini.

Nyumba yetu iko Kibokoni, katika kichochoro ambacho jirani wa ng'ambo akikaanga samaki sisi tunajua ni samaki gani. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Buxton kwa miaka, nikarudi nyumbani baba alipozidiwa, na baada ya maziko sikuondoka tena. Tulibaki wawili, mimi na mama. Kakangu mkubwa anaishi Nairobi, na kwa kuwa yuko mbali, ana maoni mengi.

"Nikija nikamkuta bado amejifungia," aliniambia kwa simu, "namchukua aje akae huku na sisi. Nyumba tutaipangisha."

"Mama hataki Nairobi."

"Mama hataki kitu chochote siku hizi. Ndiyo maana."

Nilimkatia simu. Lakini maneno yake yalinichoma. Mama amezaliwa mtaa huu, ameolewa mtaa huu, na mashoga zake wote anaweza kuwafikia kwa miguu bila kuvuka barabara ya magari. Kumpeleka kwenye ghorofa ambako jirani hamjui jirani ingekuwa kumzika akiwa hai, na mimi ningebaki bila mama na bila nyumba. Nikaamua kumtoa chumbani mwenyewe kabla kaka hajaja. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kufanya kitu kionekane, niliamua kumtengenezea sebule.

Sebule ya zamani ya mamangu, niseme kweli, ilikuwa na makelele. Kuta za kijani. Makochi ya mahameli mekundu. Vidaka vya ukutani vimejaa sahani za maua na maua ya plastiki. Kioo kikubwa chenye fremu ya dhahabu kilichoinama kidogo mbele, kama kwamba kinataka kukusikiliza. Na mito, mito isiyo na idadi, kila mmoja na foronya yake, kwa sababu kila alipoozwa mtu katika ukoo mama aliomba mabaki ya kitambaa cha nguo ya harusi akashona foronya. Chini ya dirisha palikuwa mahali pa baba. Hapo ndipo alipokaa na gazeti lake, akiitikia salamu za wapita njia bila hata kuchungulia, kwa sauti tu akiwajua.

Baba alipofariki vyote hivyo viliondolewa. Ndivyo ilivyo kwetu, nyumba ya matanga hutolewa vitu ili mikeka itandikwe na watu wapate pa kukaa. Makochi yalipandishwa ghorofa ya juu. Kioo kiligeuzwa uso kikaegemezwa nyuma ya kabati, maana wazee wa kwetu hawataki mwenye eda ajitazame. Mito ikatiwa kwenye magunia. Eda ilipokwisha ilikuwa kazi yangu kurudisha kila kitu mahali pake, nami nikasimama mlangoni nikaitazama ile sebule tupu nikaona bahati imenijia. Kwa mara ya kwanza niliuona ukubwa wake. Nikasema sirudishi kitu.

Nilikuwa nimetazama picha nyingi kwenye simu. Sebule za kisasa, zote zimetulia, zote nyeupe na kijivu, kitu kimoja hapa, kitu kimoja pale. Nikamwita fundi wa rangi. Kuta nikazitaka nyeupe, na ndani ya vidaka pia nyeupe, na visiwekwe kitu ndani. Nikanunua kochi refu la kijivu, ambalo hadi leo nasema ni kochi zuri, na mapazia mazito ya rangi ya jivu yanayofika hadi sakafuni. Fundi alipomaliza alirudi nyuma hatua kadhaa akasema, "Imependeza, dada." Nikamwongeza chai.

Mama nilimleta nimemshika mkono. Alitazama kuta, akatazama pazia, akaniambia, "Ahsante, mamangu. Umejisumbua." Akakaa kwenye ncha ya kochi muda wa kumaliza kikombe, kisha akarudi chumbani.

"Atazoea," nilijiambia.

Alhamisi alasiri nilisikia harufu ya makaa. Mama alikuwa ametoa chetezo anataka kufukiza udi sebuleni, kama alivyofanya kila Alhamisi ya maisha yangu. Nilimwahi mlangoni.

"Mama, humo tusifukize. Moshi utatia doa rangi, na mapazia yale hayafuliki ovyo ovyo."

"Haya," alisema, akageuka na chetezo chake. Hata hakubisha. Mamangu, ambaye humbishia muuza mboga kuhusu kuoza kwa nyanya aliyoishika muuza mboga mwenyewe! Hapo ningepaswa kushtuka, lakini nilifurahi kwamba amenielewa.

Nikaona labda anachokosa ni watu. Nikawaalika mashoga zake wawili wa hapo mtaani, wanawake ambao zamani wakiingia kwetu kicheko chao kilisikika hadi barabara ya Ndia Kuu. Niliwapikia kahawa, nikapanga kaimati kwenye sahani nyeupe mpya. Waliingia wakipiga soga, wakavuka kizingiti, wakanyamaza. Wakakaa wima kwenye kochi, mabuibui wameyakusanya magotini. Mmoja akatazama kuta, akainua mikono akasoma Fatiha. Mwingine akaninong'oneza, "Khitma ya marehemu mwasoma lini tena, mwanangu?" Mama alikaa kati yao akiangalia vidole vyake. Walizungumza kwa sauti ya chini juu ya maradhi na waliotangulia, kaimati wakazigusa moja moja, wakaaga mapema. Mlangoni yule aliyesoma Fatiha alinikumbatia akasema, "Mungu awape subira."

Nilikasirika mno. Nilisema peke yangu jikoni nikiosha vikombe kwamba watu wa mtaa huu wamezoea kuishi ndani ya duka la vitambaa, ukiwapa mahali pa kupumua wanadhani kuna maiti.

Kisha kaka akapiga simu kuniambia amepata likizo na wiki ijayo yuko njiani. Analeta sanduku kubwa la kutilia nguo za mama. Hasira zangu zote zikapata pa kwenda. Mama alikuwa jikoni akichambua mchicha, nami nikamwendea moja kwa moja.

"Mama, nimekufanyia sebule nzima. Nimechagua kila kitu mwenyewe. Kwa nini hukai? Unajua kaka yuwaja kukuchukua?"

"Najua. Hamjui kusema polepole nyote wawili." Aliendelea kuchambua. "Nami sitaki kwenda."

"Basi mbona hunisaidii?"

Aliuweka ungo chini, akajifuta mikono kwa leso, akanipita. Alisimama katikati ya sebule.

"Ndoo," alisema, akiniita kwa mkono. "Tizama kwa mato yako. Ukuta mweupe. Pazia jivu. Kioo hakuna. Ua hata la plastiki hakuna. Udi umenikataza. Hini ni nini, mwanangu?"

Nilikuwa nimeanza kuiona.

"Nilivaa nyeupe, sikutia wanja, sikujifukiza, sikujitizama kiooni. Nilimkalia babako eda kwa haki yake, na nilimpenda. Nikamaliza. Mimi nimetoka. Hichi chumba wewe umekiacha ndani. Kila nikivuka hapa narudi siku ya kwanza."

Nililia. Nilianza kulilia mapazia, nayaona kama kichekesho sasa, halafu nikajikuta namlilia baba, kwa kwikwi, kama sikuwahi kumlilia. Na kweli sikuwahi. Mtoto ana siku tatu tu za matanga, na mimi siku ya nne nilikuwa kazini nimeinamia kompyuta, watu wakisema nimeumbwa na moyo mgumu. Pengine eda niliyomaliza kuipaka ukutani ilikuwa yangu. Mama aliniacha nilie, akarudi kwenye mchicha wake, kwa kuwa chakula cha mchana kilikuwa kimechelewa.

Jumamosi asubuhi tulitoka pamoja kwenda mtaa wa Biashara. Hapo ndipo nilipomwona mamangu tena. Aliingia duka la kwanza, akamwamkua mwenye duka, akamuulizia watoto mmoja mmoja, kisha akamshushisha majora hadi meza ikajaa. Kila kitambaa alichokipenda alikitoa hadi mlangoni akakitazama juani, akakirudisha ndani akakitazama kwenye kona yenye giza. Mimi nilikuwa nikichagua kwa picha. Alinieleza huku akikunjakunja: kwetu kichochoro ni chembamba, nyumba ya jirani imetuziba, jua huingia sebuleni kidogo tu kisha likaondoka. Nyeupe inayong'aa kwenye nyumba ya ufuoni, kwetu huwa rangi ya maji ya kuoshea mchele. Na kijivu kwetu hakina hata jina.

"Rangi ya nyumba yetu yataka iwe na moto wake yenyewe," alisema.

Tukachukua mapazia ya damu ya mzee, yenye ukingo wa manjano, mepesi ya kupitisha upepo. Ukutani tulibishana. Alitaka kijani chake, nami nikamwambia wazi kijani kile kilinitesa utotoni na sikirudishi hata akinipeleka Nairobi mimi. Akacheka! Tukakubaliana kuta ziwe rangi ya zafarani iliyotiwa maziwa, kijani kikae ndani ya vidaka tu. Kochi langu lilibaki, kwa sharti nisiwe na neno juu ya mito. Fundi alirudi akapaka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasema, "Imependeza, dada," kwa uso uleule wa mara ya kwanza. Chai nilimpa.

Kioo tulikitundika mkabala na dirisha, na mwanga uliokuwa ukiishia sakafuni ukafika hadi ukuta wa nyuma. Tulitandika mkeka mpana upande mmoja kwa wanaopenda kunyoosha miguu. Magunia ya mito tuliyateremsha, na mama akawa anaitoa mmoja mmoja na kuitaja: huu wa harusi ya shangazi, huu wa bibi harusi aliyelia hadi wanja ukachuruzika, huu wa binamu aliyeachika akaolewa tena, kwa hiyo ana mito miwili. Niliondoa maua ya plastiki nusu, naye akajifanya hakuona. Mahali pa baba chini ya dirisha hakuna aliyesema paweje. Nilisogeza kochi hadi hapo, nikaacha.

Alhamisi mama aliwasha chetezo mwenyewe. Alifukiza pembe zote nne, akainua mapazia mapya akapitisha moshi chini yake, akafukiza vidaka na mito, polepole, kama yeye alivyofukizwa siku ile aliyotoka. Mimi nilimfuata nyuma nimeshika sahani ya makaa. Sikukataza kitu.

Kaka aliwasili kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa. Mashoga wawili wa mama walikuwa wamekuja, wamevua mabuibui, mmoja kajinyoosha mkekani na mwingine anasimulia harusi ya watu fulani ambako biriani haikutosha. Nilikuwa jikoni nikasikia hatua ngazini na magurudumu ya sanduku yakigonga kila kidato.

"Hodi!"

"Hodi, karibu!" Sauti ya mama ilitoka sebuleni. Niliacha mwiko hewani. "Ndoo upite, baba. Kaa hapo. Huo mto usiukalie, ni wa harusi yako, uegemee tu."

Nilipotoka na kahawa nilimkuta kakangu amekaa kama mgeni, ameshika ule mto mapajani, anatazama huku na huku. Sanduku alikuwa ameliacha mlangoni. Mashoga za mama walikuwa wamejifunika leso haraka haraka na sasa wanamhoji kwa nini amenenepa. Alinitupia jicho lenye swali. Mimi niliinua mabega nikammiminia kahawa. Juu ya kuchukuliwa mtu hapakusemwa neno, si siku ile, wala siku zote alizokaa nasi.

Siku ya kuondoka aliliinua sanduku lake akashangaa.

"Mbona zito? Nililileta tupu."

"Nimekutilia mapazia," mama alisema. "Ya jivu, mapya kabisa, nduguyo aliyanunua. Nairobi kuna baridi na nyumba yenu ina jua tele, huko yatakaa vizuri. Mwambie mkeo ayatie pasi."

Kaka alinitazama, nami nikatazama boriti za dari. Alicheka hadi akalazimika kuliweka sanduku chini, kisha akambusu mama mkono, akaanza kuteremka ngazi, magurudumu yakigonga. Nilibaki mlangoni nikimwangalia. Mama hakungoja. Nilipogeuka alikuwa ameketi chini ya dirisha, mahali pa baba, ameegemea mto, na mpita njia alipotoa salamu huko chini aliitikia kwa sauti kubwa, akamtaja na jina lake, bila kuchungulia.